Khabari Zilipopanda Ghorofani

Baba alikuwa mtu wa baraza la Jaws Corner. Akishasali laasiri hukaa pale Soko Muhogo na kikombe chake cha kahawa chungu, na akirudi baada ya isha tunamngojea kwa khabari. Mama humuuliza nani kasema nini. Baba hujibu anayotaka kuyajibu. Siasa, mpaka mimi namaliza skuli, ilitufikia wanawake wa Mji Mkongwe ikiwa imeshachujwa na mwanamme aliyekaa barazani. Jaws Corner, ngome ya CUF, palikuwa na ubao wa chaki. Michenzani, maskani ya Kisonge ilikuwa na ubao wake, wa CCM, wenye maneno makali ya kuchoma. Mwanamke husoma kwa pembe ya jicho, akaenda zake sokoni. Wanaoyasifu mabaraza yetu kuwa ni bunge la wananchi nawasikia, lakini nusu ya wananchi ilikuwa juu, nyuma ya madirisha.

Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CUF, Pemba na hapa Unguja, tulikuwa tumejifungia ndani, redio iko BBC, sauti imeteremshwa. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010, iliyoleta serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, ilitukuta na simu za kupigia na kutuma ujumbe mfupi. Khabari zilifika upesi zaidi, lakini bado tulikuwa watu wa kuambiwa.

Ikaja 2015. Ndugu yetu wa Muscat alifungua grupu la WhatsApp la familia, akatutia wote, wake kwa waume, mpaka ami yetu wa London. Usiku wa 25 Oktoba matokeo ya uchaguzi yalipobandikwa vituoni, vijana waliyapiga picha wakaturushia, nasi tukayaandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Mama, ambaye hajapata kukaa barazani umri wake wote, alibonyeza akarikodi sauti: "Shemegi, jimbo hilo umelihesabu mara mbili." Ami akajumlisha upya. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alionekana kwenye televisheni ya ZBC akitangaza kuwa uchaguzi umefutwa. Daftari likarudi skuli, lakini Mama hakunyamaza tena.

Sisemi kwamba kila kilichopita mle grupuni kilikuwa kweli. Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla hajafariki kweli, 17 Februari 2021. Barazani mzushi ana sura na kesho ataulizwa. Sauti iliyorushwa haina mwenyewe. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, iliwafanya wengine wafute ujumbe kabla hata ya kumaliza kuusoma.

Faida niliyoiona kubwa wala haikuwa ya kelele. Ulipokaribia uchaguzi wa 2020, wanawake wa mtaani tulikuwa na grupu letu, na mazungumzo yalikuwa ya vitambulisho: bila kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huandikishwi kuwa mpigakura. Huyu kaulizwa cheti cha kuzaliwa, yule kaambiwa aanze kwa sheha. Tukaelekezana karatasi za kuchukua, tukapanga siku, tukenda pamoja, kwani mtu akenda peke yake ni rahisi kuambiwa arudi kesho.

Uchaguzi wenyewe ulipofika, mitandao ikaanza kugoma, na vijana wakatufundisha kutumia VPN. Mwaka 2025 hata hiyo haikufaa kitu: tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kaka yangu alishuka barazani, akanywa kahawa, akarudi na khabari. Wanaume walikuwa na pa kwenda. Sisi wa juu, na ndugu zetu wa Muscat na London, ndio tuliozimwa hasa, na hilo sijasikia likitajwa katika hesabu za hasara.

Mtandao uliporudi mwanzoni mwa Novemba, tulilikuta grupu letu la mtaani limefungwa: admini, kwa khofu, kaweka kwamba aandike yeye tu. Tulimpigia simu, mmoja baada ya mmoja, mchana kutwa, mpaka akalifungua.