Uloto wa Ndugu



Wapendwa, tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipoanza mwaka 2023 kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu, wazazi wa Kibondo na Kasulu hutuuliza jambo jipya: seli hizo zitoke wapi? (Sala bado tunaombwa, nasi hatuoni sababu ya kuiacha.)

Seli mama zinazozaa damu hupatikana mahali patatu. Ziko katika uloto, ulio ndani ya mfupa, ambao huvutwa kwa sindano nyongani mtoaji akiwa amelazwa usingizi. Ziko katika damu ya mishipani, baada ya mtoaji kuchomwa dawa kwa siku kadhaa ili zitoke mifupani. Ziko pia katika damu ya kitovu mtoto anapozaliwa. Hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1988. Damu ya kitovu haimwumizi mtoaji, lakini seli zake ni chache, na mgonjwa hukaa muda mrefu zaidi bila kinga. Damu ya mishipani huwahi kushika, ila mara nyingi zaidi huleta ugomvi wa kudumu, seli ngeni zikishambulia ngozi na ini la mwenyeji wao. Ndiyo maana kwa mtoto wa selimundu madaktari wengi hupendelea uloto wa ndugu.

Kanisa, katika hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008, halizuii hata kimoja cha vyanzo hivyo. Linalokataa ni kuangamiza kiinitete ili kupata seli.

Lakini ndugu huyo ni nani? Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Familia moja ya Kibondo ilimpata: binti wa miaka kumi, amtolee mdogo wake. Bibi yao wa Kasulu akakataa, akihofu kwamba mtoto akitolewa uloto hataweza tena kushika jembe. Tulimweleza taratibu kwamba uloto hujirudishia wenyewe katika wiki chache. Akaelewa, kisha akauliza: “Na mwenyewe mmemwuliza?”

Wazazi wakatazamana. Kwa maoni yetu, hakuna aliyesema neno zito kuliko hilo siku ile.

Binti aliulizwa jioni. Alitaka kujua kama ataamka baada ya sindano, na kama mdogo wake asipopona litakuwa kosa lake. La kwanza tulimwachia daktari. La pili tulimjibu papo hapo kwamba sivyo, tukawaomba baba na mama nao walitamke kwa vinywa vyao, mbele yake.