Miaka Yangu ya Ukalimani Nakivale

Kazi ya ukalimani sikuiomba, ilinikuta. Nilipovuka mpaka wa Bunagana kutoka Kongo kuingia Uganda mwaka 2008, nikapelekwa pamoja na wenzangu kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mahali ambapo Wanyarwanda walipokewa tangu zama za wakoloni, ilidhihirika upesi kwamba mwenye Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza cha kujifundisha hataachwa akae chini ya mti akingoja mgao, maadamu kila meza ya ofisi ilikuwa na watu wawili wasioelewana.

Siku moja mjini Mbarara, nilikomsindikiza mgonjwa, mzee wa Kinyankole alinisimulia habari za Mbaguta, aliyekuja kuwa Enganzi, yaani waziri mkuu wa Ankole, jinsi alivyotumwa mwaka 1894 kuonana na Meja Cunningham wa Waingereza na kuafikiana naye mkataba kwa niaba ya Omugabe, yaani mfalme, Ntare, ambaye mwenyewe hakuhudhuria. Habari ile ilinikaa moyoni, kwani nami kila asubuhi nilisema kwa niaba ya mtu, na neno likishatoka kinywani mwangu likaandikwa, ndilo lililohesabiwa kuwa lake.

Kosa langu kubwa nililitenda katika chumba cha mahojiano ya wakimbizi. Mama mmoja wa Rutshuru alieleza kwamba mama yake alifariki siku ya kumzaa. Baadaye, akisimulia safari, akasema mama yake ndiye aliyembebea mtoto mpaka Bunagana. Nilifasiri yote mawili neno kwa neno, nikichelea kuongeza lisilosemwa, ilhali nilijua fika kwamba kwetu dada ya mama ni mama. Afisa aliweka kalamu chini. Yule mama alimtazama, kisha akanigeukia mimi, akashika ncha ya kitenge chake, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, sijadanganya."

Usiku ule sikupata usingizi. Alfajiri nilikuwa mlangoni pa ofisi kabla haijafunguliwa, na afisa alipofika nikakiri kwake kwamba kasoro ilikuwa yangu, nikamweleza nasaba ile kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akaniuliza neno lenyewe linaandikwaje, kisha pembeni mwa ukurasa, katikati ya Kiingereza chake, akaandika kwa Kiswahili: mama mkubwa.