Nafasi ya Maneno Chini ya Noti

Sisi tufundishao Kiswahili kwa nyimbo twadhani kuwa karatasi ni mtumishi tu. Siku moja karatasi ilitufunza adabu.

Tuliandika wimbo wa sauti nne, wenye beti tatu, kwa programu ya MuseScore. Ulipozidi ukurasa mmoja, tulionea karatasi uchungu. Programu hiyo, ikiachwa, hutenga yenyewe nafasi baina ya safu za mistari mitano, maneno yasigongane na noti. Lakini inacho pia kibano cha kuufunga umbali huo usibadilike. Tukakitumia. Wimbo ukatosha, ila ubeti wa tatu ukazama katika noti za safu ya chini.

Darasani mwanafunzi mmoja, ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, aliimba “twapanda shule” mahali pa “twapenda shule”. Wenzake wakacheka, nasi tukamkaripia. Akatuonyesha karatasi yake, kimya: kijiti cha noti kilikuwa kimepita juu ya irabu.

Jioni ile tulikiondoa kibano, tukaweka kitenganishi kinachoweka umbali wa chini tu, safu zikaachwa zisogee zaidi zikihitaji. Wimbo ukawa kurasa mbili.

Kesho yake tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Neno la Kiswahili husimama juu ya irabu zake; moja ikizibwa, maana yapotea. Ndugu walimu, kabla ya kumlaumu msomaji, na tuitazame kwanza karatasi tuliyompa.