Kitulo, Mahali pa Kuinama

Kutoka Chimala gari hupanda mlima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu, wakaziita kwa hesabu hiyo hiyo: Hamsini na Saba. Kufika kona ya arobaini hivi masikio yangu yalikuwa yameziba, na bonde la Usangu limebaki chini kama jamvi lililotandikwa juani. Matamba nilishuka natetemeka. Mama aliyeniuzia viazi vya kuchemsha alinitazama kwa huruma: “Pole na baridi, mwanangu. Huko juu kuna nyingine.”

Huko juu ni uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Simba hakuna, tembo hakuna. Unatembea kwa miguu, na ukiwa na haraka utapita bila kuona kitu.

Hata mimi okidi ya kwanza ningeipita, kama mwongozaji asingenigusa bega. Niliinama. Ndani ya nyasi zilizolowa umande palikuwa na shina moja lisilofika gotini, limejaa maua ya rangi ya chungwa, kila ua na kijimkia nyuma, chembamba kama uzi. Aina za okidi hapa ni zaidi ya 40. Nilikaa na hiyo moja mpaka magoti yakalowa.

Hatua chache mbele mwongozaji alichuchumaa tena, safari hii kimya. Palikuwa na kishimo cha ukubwa wa kikombe cha chai, udongo mweusi umefukuliwa. Okidi hizi huwa na viazi viwili ardhini: kimoja kimenywea kwa kulisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, akiba ya mwaka ujao. Wachimbaji hutaka hicho kigumu, kitwangwe na karanga kiwe chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia.

“Mtu ana watoto, kaka,” alisema. “Lakini akiling'oa, halirudi.”

Sikuweza kumchukia mchimbaji, ila kishimo kile kiliniuma kuliko nilivyotarajia. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Mwongozaji alirudishia udongo kwa kiganja, akaushindilia taratibu kama mtu apandaye, ingawa ndani hamkuwa na kitu.