Jezi ya mtumba, Sheikh Amri Abeid na hesabu ya bosi

Najua nimepotea, wiki tatu sijaandika kitu, lakini si mnajua tena mambo ya test na maandalizi ya field. Leo niko hosteli, umeme upo, roommate kaenda kwaya, basi ngoja niwape kisa cha mdogo wangu kabla sijalala.

Kilianza na jezi. Dogo alienda Kilombero kwenye mitumba akarudi na jezi ya bluu yenye michirizi ya njano, imeandikwa Leeds Rhinos, na kifaru kifuani. Kainunua elfu nne. Kwa raha zake akajua ni Leeds ile ya mpira wa miguu. Kumbe siyo! Siku ya kwanza kuivaa, abiria mmoja akamuuliza, "Wewe unacheza Arusha Rhinos?" maana hapa Arusha ipo klabu ya raga yenye jina hilohilo la vifaru. Dogo akanipigia simu anacheka, "Sista, hebu nitafutie huko mtandaoni, hii timu ni ya nini?"

Nikatafuta. Mimi nasoma ualimu wa Kiswahili na Historia, nikianza kutafuta kitu siachi, assignment inalala. Leeds Rhinos ni klabu ya raga, lakini raga ya wachezaji 13. Ile ya Arusha Rhinos na ya Wakenya ni ya 15 (tukiacha ile fupi ya watu saba iliyowapa Kenya ubingwa wa Singapore 2016 kwa kuifunga Fiji 30-7). Hii ya 13 ukishikwa na mpira mara sita bila kufunga, unawapa wenzako. Uwanja wao unaitwa Headingley, na jukwaa moja limekaa katikati: upande huu watu wanatazama raga, upande wa pili wanatazama kriketi. Nikafikiria kuta za uwanja wetu pale mjini, upande huu mpira, upande wa pili maduka na kelele za wapiga debe wa stendi. Hatujapishana sana.

Ila kilichonikamata ni sababu ya mchezo wenyewe kuzaliwa. Tarehe 29 Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini ya Uingereza vilikutana kwenye hoteli moja mji wa Huddersfield vikajitoa kwenye chama cha raga. Ugomvi ulikuwa hela ya kutwa. Wachezaji wa kule walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo, na enzi hizo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara wa siku hiyo umekatwa. Vilabu vikasema basi tuwafidie. Wakubwa wa chama, wengi wao watu wa shule kubwa na mashamba, wakasema marufuku, mchezo ni wa mapenzi siyo wa pesa. (Rahisi kusema kama mzee wako ana shamba.) Ndiyo wakaachana, na hao wa kaskazini wakaruhusu fidia ya shilingi 6 kwa siku.

Shilingi sita! Nikamsomea dogo kwenye simu. Kimya kidogo, halafu akasema, "Dada, hiyo ndiyo hesabu ya bosi."

Kwa msiojua, mdogo wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila siku anampelekea bosi elfu nane, Jumapili hamna, na akimaliza miezi 12 pikipiki inakuwa yake. Sasa yuko mwezi wa nane. Jioni saa kumi ndiyo abiria wanatoka makazini, na jioni hiyohiyo saa kumi ndiyo mazoezi ya timu yake ya ligi ya mkoa. Siku ya mechi ndiyo usiseme, hesabu inatoka mfukoni, timu inampa soda na nauli, tena kama mweka hazina kaamka vizuri. Anacheza beki ya kushoto. Mimi si mtaalamu wa mpira lakini wanaojua wanasema dogo ana mguu.

Ndiyo nikaanza kuangalia historia ya hapa kwetu kwa jicho lingine. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mnaujua wote, ni mali ya CCM kama viwanja vingi vya mikoani. Miaka ya 2000 AFC ya Arusha ilikuwepo ligi kuu, timu ya raia, timu ya mji. Marehemu mjomba wangu alikuwa haambiliwi kitu kuhusu AFC, aliuza karanga pale getini ili aingie bure. Ikashuka. Halafu msimu wa 2011/12 wakapanda JKT Oljoro, wakakaa misimu mitatu, 2014 wakashuka nao. Baada ya hapo Chuga ikapita zaidi ya miaka kumi tukipokea wageni tu. Julai 2, 2022 Yanga na Coastal Union walikuja kucheza fainali ya kombe la shirikisho hapa, 3-3, Sopu kafunga tatu peke yake na bado Coastal wakafa kwa penalti. Msimu wa 2024/25 Coastal haohao wakaja kuazima uwanja wetu uwe nyumbani kwao, na Machi 2025 Simba wakawapiga tatu hapohapo, zote za Mukwala. Uwanja unajaa, lakini anayejaza siyo mwenyeji.

Sasa angalieni: Oljoro ni jeshi. TMA ambao nao wamepambana daraja la chini ni wa chuo cha jeshi kule Monduli. Toka nje ya mkoa uone JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma, Prisons ya Mbeya, Polisi waliokuwa Moshi. Kwa nini timu za majeshi zinadumu na AFC za mjomba zinakufa? Naona jibu ni lile la Huddersfield. Askari akienda mazoezini saa kumi, mshahara wake uko palepale. Dogo akienda, elfu nane haiko palepale. Wataalamu mnaweza kunibishia, mtasema uongozi mbovu, mtasema wadhamini, sawa, lakini mimi nimeona kwa macho beki wa kushoto anaondoka mazoezini nusu saa kabla kwa sababu ana abiria wake wa kudumu pale Tengeru.

Pembeni kidogo: hivi mnajua Sheikh Amri Abeid mwenyewe alikuwa nani? Nawauliza ninyi wa Kiswahili hasa, maana kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, tumekikopi kurasa kwa kurasa pale stationery. Ndiye huyohuyo! Mzaliwa wa Ujiji, sheikh wa Ahmadiyya, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, waziri, akafariki 1964 akiwa na miaka 40 tu. Mwaka mzima nimepita pale nikienda stendi sijaunganisha. Nikienda field nitawauliza wanafunzi, nadhani wote watasema "ni uwanja."

Haya, turudi. Wiki iliyopita dogo kaitwa majaribio na timu ya daraja la juu. Wiki mbili, asubuhi na jioni. Siku 12 za hesabu, yaani 96,000. Akanipigia usiku, na dogo akipiga usiku ujue kuna jambo. "Dada, bumu limetoka?"

Limetoka ndiyo. Na nilishaligawa kwenye daftari: hosteli, chakula, nguo mbili za kufundishia (huwezi kwenda field na jeans), nauli. Nikamwambia weka deiwaka aendeshe yeye. Akasema deiwaka anaweza kuigonga, na ikigongwa mkataba umekufa, miezi nane imeenda. Nikampigia mama. Mama alikuwa anarudi gulioni na ndizi zilizobaki, akaniambia, "Mwanangu, mjomba wako alikufa anaidai AFC karanga. Usinipotezee watoto wawili kwa mpira mmoja." Halafu baada ya kimya akauliza, "Lakini anacheza vizuri kweli?"

Nililala saa nane usiku nahesabu. Mwisho nikamwambia hivi: wiki ya kwanza nalipa mimi, 48,000, pikipiki ikae ndani. Ijumaa wanachuja nusu. Akichujwa, Jumatatu anarudi barabarani na deni ni langu na yeye. Akipita, wiki ya pili aweke deiwaka, na deiwaka awe yule jirani yetu mzee mzee asiyejua kukimbiza. Akakubali. Mama hajasema ndiyo wala hapana, ila nasikia kamfulia ile jezi ya kifaru.

Kwa hiyo wadau, mkiniona nakula maharage mfululizo pale kwa mama ntilie msiniulize. Nguo ya kufundishia nimebaki na moja, kama kuna dada ana sketi ya size yangu inayofika chini ya goti tuonane, nitairudisha imepigwa pasi.

Kule Olmoti uwanja mpya wa watu kama 30,000 ni kwa ajili ya AFCON 2027 tunayoiandaa na Kenya na Uganda. Tulipita naye siku moja akasimamisha pikipiki akautazama, hakusema kitu, akawasha tukaondoka kwa sababu kulikuwa na abiria anasubiri Kisongo.

Leo ni Jumatano. Kanitumia meseji: "Kocha kanihamisha kulia." Sijui ni nzuri au mbaya, anayejua mpira aniambie. Ijumaa nitawajuza.