Kamba, Nyavu na Jicho la Mtambo

Miaka ile tuliyofundisha kusini mwa nchi, magoli ya kiwanja cha shule yalikuwa ya miti ya mikaratusi, na penye mtambaa wa panya tulifunga kamba ya katani. Nyavu hazikuwapo. Ikatokea siku moja tukapewa filimbi kuamua mchezo wa mwisho baina ya shule mbili za jirani. Zawadi yake ilikuwa mbuzi dume, aliyefungwa chini ya mwembe akitafuna majani bila kujua kinachotendeka. Zikiwa zimebaki dakika chache, kijana mmoja aliupiga mpira kwa nguvu. Ukagusa kamba, kamba ikatikisika, mpira ukatokomea nyasini. Je, ulipita chini au juu? Upande huu walipiga kelele "Goli!" na upande ule wakajibu "Juu!" Sisi tulikuwa mbali, na jua la alasiri lilitupiga machoni. Tulionyesha katikati ya kiwanja. Mlinda mlango, mvulana wa kidato cha pili, hakututukana. Alitujia taratibu akauliza, "Mwalimu, umeona?" Tulimjibu kwamba tumeona. Hatukuona.

Tangu siku hiyo hatuwezi kuzitazama nyavu za goli kama watu wengine wazitazamavyo. Wengi hudhani kuwa nyavu ni pambo, au zimewekwa ili kumwepusha mtu na taabu ya kuufuata mpira vichakani. Kumbe ni shahidi. Mhandisi John Alexander Brodie wa Liverpool alizibuni mwishoni mwa karne ya 19 ili kukata ubishi wa namna ya huo wetu, yaani kama mpira umepita ndani ya milingoti au nje. Basi wale wasemao kwamba kumsaidia mwamuzi kwa vyombo ni kuuharibu mchezo ulioachwa na wazee, yafaa wakumbuke kuwa wazee hao ndio walioanza.

Lakini nyavu nazo zina upofu wao: haziwezi kuutolea ushahidi mpira uliogonga mtambaa wa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Tarehe 30 Julai 1966, katika uwanja wa Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi zilikuwa 2 kwa 2 katika muda wa nyongeza, Geoff Hurst alipoupiga mpira wa namna hiyo. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi alimwendea mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, naye akakubali kwamba ni goli. Uingereza ikatwaa Kombe la Dunia kwa 4 kwa 2, na ubishi ungalipo hata leo. Mwaka 2010, huko Bloemfontein, Afrika Kusini, ikawa zamu ya Waingereza kulia mbele ya Wajerumani: mpira wa Frank Lampard uligonga juu, ukavuka mstari waziwazi, waamuzi wasione. Mwaka 2012 wenye mamlaka ya sheria za mpira walikikubali chombo cha mstari wa goli, nacho kikatumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazili. Kamera 7 kwa kila goli ziliufuata mpira; ukivuka mstari wote, saa ya mkononi mwa mwamuzi ilimjulisha katika muda usiozidi sekunde moja. Hapa hatuna la kupinga. Kipimo hakiogopi kelele za mashabiki, wala hakipigwi na jua machoni.

Mtambo wa video, ulioingizwa katika sheria mwaka 2018, ni jambo jingine. Huo haupimi tu; aghalabu huonyesha, na binadamu ndiye aamuaye kwa mara ya pili. Picha iliyopunguzwa mwendo yaweza kumfanya aliyejikwaa aonekane kuwa na nia mbaya, na nia haina kamera. Katika lugha yetu, mwamuzi ni yule pia aingiaye kati ya wagombanao na kuwatenganisha; kazi hiyo hatujaona mtambo uliojaribu kuifanya. Aidha, kuna furaha iliyokatwa: kijana afunga goli, kisha asimama mikono kiunoni akingoja kuruhusiwa kushangilia.

Na chombo kikiahidiwa kisha kisipatikane, chuki huzidi kuliko pale ambapo hakikutarajiwa kamwe. Tarehe 31 Mei 2019, huko Radès, Tunisia, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad ya Casablanca walikataliwa goli la kusawazisha dhidi ya Espérance. Wakadai video itazamwe. Wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Waligoma kuendelea, na baada ya mivutano mirefu, hata mahakamani, kombe likabaki kwa Espérance. Nasi Watanzania tulionja yetu tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria. Mpira wa Stephane Aziz Ki wa Yanga uligonga mtambaa wa panya na kudunda penye mstari wa Mamelodi Sundowns. Video ilikuwapo, lakini goli halikukubaliwa. Yanga wakatolewa kwa penalti 3 kwa 2. Siku zile hata wapenzi wa Simba tuliwasikia wakibishana kwa picha zilizosimamishwa kwenye simu, kila mmoja akiuona mstari alipotaka uwe.

Mwaka 1986, nchini Meksiko, Diego Maradona aliutia mpira golini kwa mkono dhidi ya Uingereza. Mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia hakuuona mkono. Akamtegemea mshika kibendera, naye hakutoa ishara yoyote. Goli likahesabiwa. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Bennaceur huko Tunisia na kumzawadia jezi. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka yule mlinda mlango wetu.

Tulikuja kukutana naye katika kituo cha mabasi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Alituamkia shikamoo, akatubebea mzigo hadi mlangoni mwa basi. Hapo tukamwambia yale tuliyopaswa kumwambia zamani: kwamba siku ile hatukuona. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi sikuona. Nilikuwa nimefumba macho."