Nimejishonea Kitanda cha Kuning'inia

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Gazeti halijanimeza, jamani. Nilikuwa nashona!

Ndiyo, mimi ambaye kifungo cha shati kikikatika hungoja niende nyumbani kwa mama. Tulipanga, mimi na mdogo wangu, kwenda kulala msituni kule Lushoto. Hema nililoliona dukani lilikuwa na bei ya kodi yangu ya miezi miwili. Nikaamua kushona vitanda viwili vya kitambaa, vya kufunga kati ya miti, na turubai moja la kukinga mvua.

Kariakoo nikachukua kitambaa cha parachuti, mita kumi na tatu. Kuna ujanja mmoja: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, hicho cha kulalia, mgongo hautatoka jasho. Isipopita, hicho cha turubai. Muuzaji aliniangalia kana kwamba nataka kula bidhaa yake...

Cherehani sina. Jirani yangu ni fundi, mzee mmoja mtaratibu kutoka Uluguru, na jioni akimaliza kazi za wateja aliniachia mashine yake. Siku ya kwanza akauliza, "Mwandishi, hilo pazia la ukumbi gani?"

"Si pazia, mzee. Ni kitanda, nitakifunga kwenye miti."

Akakishika, akacheka. "Sasa hii si machela?"

Neno hilo kwangu lilikuwa la picha za kikoloni tu: Mzungu kajilaza, wenyeji wamembeba mabegani kwa mti mrefu. Kitu chenyewe kimetoka mbali zaidi. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala kwenye vitanda vya nyuzi, wakiviita hamaca, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakaviingiza melini. Lakini mzee hakuwa akiwawaza Wazungu. Alikuwa akimuwaza dada yake, aliyeteremshwa mlimani usiku akiwa na uchungu wa uzazi, kwa shuka na mwanzi, wanaume wanane wakipokezana. Katikati ya njia shuka ikaanza kuchanika pale mwisho, kwenye fundo. Dada yupo mpaka leo. Kuhusu mtoto hakusema, nami sikuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu.

"Pale mwisho pitisha uzi mara tatu," akaniambia.

Nikapitisha mara tatu. Unakunja upindo wa sentimita kama nne, unaushona ubaki mfereji, unapitisha kamba humo na kuvuta hadi kitambaa chote kikunjamane kama mdomo wa gunia. Mwili mzima unaning'inia hapo. Kamba za kwenye miti nazo zina hesabu yake. Zikiteremka kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 70 anailetea kila kamba mzigo wa kilo 70. Ukizikaza hadi zibaki na nyuzi 10, kila moja inabeba karibu kilo 200! Kwa hiyo ziache zilegee, halafu ulale mshazari. Ukilala umenyooka na kamba utakunjika kama ndizi.

Turubai ni vipande viwili vya mita tatu, vimeungwa kwa mshono wa kukunja kama ule wa mguu wa suruali ya jinzi. Pini sikutumia, maana kila tundu la pini ni mlango wa mvua; nilibana kwa vibanio vya nguo. Mshono wa katikati nikausugua mshumaa mpaka ukang'aa.

Lushoto mvua ilitukuta saa nane usiku. Juu hakikupita kitu. Chini, wee acha tu, upepo ulitupiga mgongoni hadi tukatandika makoti yetu. Mdogo wangu, kilo zake 85, alikoroma. Mimi sikusinzia mpaka mvua ilipokatika. Nilikuwa nasikiliza kitambaa chake pale mwisho, kila alipojigeuza.

Juzi mzee kaniomba vipimo. Anasema kwao bado kuna vitongoji ambavyo gari halifiki, anataka kushona moja apeleke, yenye mifereji mipana ya kupitisha mti. Jumamosi tunakwenda wote Kariakoo kutafuta kitambaa. Nimeshamfundisha kupuliza.